Naomba ushauri: kabla chuo hakijafunguliwa, nikasomee ualimu wa skii?

Binti_wa_Rola

Hamjambo wadau. Nilimaliza KCSE Novemba na chuo hakifunguliwi mpaka Agosti au Septemba. Wenzangu wako kwenye kozi za kompyuta na udereva. Mimi nina wazo ambalo limezua maneno nyumbani.

Tangu darasa la saba nateleza kwa viatu vya rola. Jumapili utanikuta Sunken, yale maegesho ya magari mjini Nairobi. Mwaka jana nilianza kufundisha watoto wa mtaani kwetu Donholm, na hapo ndipo nilipojua kwamba kufundisha nakupenda kuliko hata kuteleza kwenyewe. Mtoto ameng'ang'ania ukuta nusu saa nzima, halafu anauachilia, anasonga hatua tatu peke yake na kugeuka kuangalia kama nimemwona. Hilo tu linanitosha wiki nzima.

Sasa nimepata kozi ya wiki 11 huko Kanada, ya kumfikisha mtu kwenye cheti cha mwalimu wa skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni. Wanataka karibu shilingi milioni moja na nusu, tiketi ya ndege mbali. Shangazi yuko tayari kunikopesha kiasi, na baba amefikiria kuuza ploti yetu ya Joska. Mama hataki hata kusikia. Theluji yenyewe sijawahi kuikanyaga. Je, nikishahitimu kazi nitaipata kweli?

Mzee_wa_South_B

Binti yangu, ploti isiuzwe. Mengine wataalamu watakueleza, lakini hilo nakusihi kama mzazi.

Baridi_Nimeizoea

Dada, mimi nimekaa misimu miwili kwenye mji wa skii huko Kanada, nikifanya kazi jikoni hotelini, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho. Cheti na kibali cha kazi ni vitu viwili, na wanaouza kozi hizi huvichanganya.

Vijana wa Uingereza na Australia hufika na kibali cha ule mpango wa serikali ya Kanada wa vijana kusafiri na kufanya kazi. Orodha ya nchi zilizomo haina nchi hata moja ya Afrika. Wewe mwenye pasipoti ya Kenya utaomba viza ya mgeni. Kozi ya miezi sita kwenda chini haihitaji kibali cha masomo, hapo sawa, lakini viza hiyo haikuruhusu kulipwa hata senti. Ukitaka kazi, mwajiri ndiye aanze kukuhangaikia makaratasi, na mlangoni pake tayari kuna foleni ya vijana wenye vibali mkononi. New Zealand ni hivyohivyo, mpango wao wa vijana hauna nchi ya Afrika. Ufaransa ndio wakali zaidi. Huko cheti cha chini hakikufikishi popote.

Jambo la pili. Chama cha walimu wa skii cha Kanada, CSIA, kina madaraja manne, na kozi ya daraja la kwanza ni ya siku chache tu. Hizo wiki 11 nyingi ni za kukujenga wewe uteleze vizuri. Na daraja la kwanza ni la kufundisha wanaoanza. Ukienda kwa mfumo wa Uingereza, BASI, wanakudai pia saa 35 za kumfuata mwalimu kazini ndani ya shule ya skii.

Waandikie hao watu swali moja: mwenye pasipoti ya Kenya akihitimu, ataajiriwa kwa kibali gani? Wajibu kwa maandishi.

Kona_Kali

Mimi sikubali kwamba aache kabisa. Mkenya mwenzetu Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akapelekwa Finland mwaka 1996 bila kuijua theluji, na 1998 akawa Nagano kwenye Olimpiki. Alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, na Bjørn Dæhlie, aliyeshinda, akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Inawezekana kuanza ukubwani.

Na rola zitakusaidia, dada. Ukiingia kona uzito unauweka mguu wa nje, magoti umeyakunja, macho yanatangulia unakoenda. Skii ni vilevile. Kitakachokusumbua ni kusimama. Mwanafunzi wa skii hupunguza mwendo kwa kusogeza ncha za mbele za skii zikaribiane na kutanua visigino, na mwili wako uliozoea breki ya rola utapinga siku mbili tatu.

Baridi_Nimeizoea

Boit alikuwa na kampuni ya Nike nyuma yake. Huyu ana ploti ya Joska.

Tabibu_wa_Magoti

Kazi yangu ni kunyoosha viungo vya watu. Goti ndilo huumia sana kwenye skii, hasa ile kano ya katikati, na kupona huchukua miezi. Bima nyingi za kawaida za safari hazigusi michezo ya theluji mpaka uongeze malipo. Soma kila mstari.

Msafiri_wa_Kusini

Kwa nini kila mtu anatazama Ulaya na Kanada? Lesotho kuna Afriski, kituo cha skii, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na msimu wao ni Juni hadi Agosti, kabla chuo chako hakijafunguliwa. Wana walimu wa wanaoanza. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90, na kutoka Johannesburg ni mwendo wa saa nne hadi tano kwa gari. Ya Lesotho ulizia mapema. Mlima ni mdogo, mteremko mkuu ni kama kilomita moja, lakini wiki moja pale itakuonyesha kama miguu na moyo vinakubali.

Binti_wa_Rola

Nimesoma yote, nimemsomea na mama. Ploti haiuzwi, baba amekubali. Lile swali la kibali niliwatumia. Wamenijibu kuhusu punguzo la bei, kibali hawakukitaja.

Nitaenda Afriski Julai, wiki moja, kwa pesa za shangazi na nilizoweka kwa kufundisha watoto. Ualimu sijauacha. Nataka kwanza nijue kama theluji nayo nitaweza kumfundisha mtu aiachie hofu. Nguo je?

Msafiri_wa_Kusini

Jinzi usivae, ikilowa utaganda. Skii na viatu vyake utakodi palepale. Koti na suruali za theluji nenda soko la mitumba la Gikomba asubuhi wakifungua marobota, zimejaa, na hapa Nairobi hazina wanunuzi wengi. Glavu chukua jozi mbili. Na mafuta ya kuzuia jua usisahau, theluji hulirudisha jua usoni hata siku ya baridi.

Binti_wa_Rola

Gikomba Jumamosi basi. Mama anasema tutaenda wote.