Analipa yote ila kila rejesho anachelewa, tumfanyeje?

mwekahazina_mbagala: Wakuu habari za jioni. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, tuko 24, hisa kila jumapili na mtu anakopa mpaka mara tatu ya hisa zake. Kuna dada mmoja hajawahi kutudhulumu hata mia ila rejesho lake lazima lichelewe, wiki mbili, tatu, ukimpigia anakwambia kesho asubuhi natuma halafu simu haipatikani. Jumapili tumefungua sanduku, wenye funguo wote watatu wapo, ndani 85,000 tu na kuna mama anasubiri laki 4 mtoto aende fomu faivu. Kajifunga kanga yake kaondoka bila kusema neno, imeniuma sana. Faini yetu elfu 2 na dada anailipa vizuri tu.

Babu Hisa: Hiyo faini ndo tatizo mkuu. Elfu 2 kwa mkopo wa tuseme laki 6, mnamuuzia muda kwa bei ya chee, bora alipe azungushe hela yenu wiki tatu zaidi. Sisi tuliweka asilimia ya rejesho lililochelewa, kila wiki inaongezeka, na ukichelewa mara mbili mkopo unaofuata hauzidi hisa zako. Ila ipite kikaoni wote wasaini kwenye katiba, msimtungie mtu mmoja sheria.

mama_genge: Kabla ya faini muulizeni hela yake inaingia lini. Kwetu kulikuwa na fundi cherehani, wateja wake walimu, wanamlipa mshahara ukitoka, sisi tunamdai tarehe 15. Tukamgawia marejesho ya kila jumapili, anakuja na elfu 15 kaifunga kwenye kitambaa, hakuruka hata wiki moja mpaka deni likaisha.

Kaka wa Kata: Wadhamini wake je? Waitwe wiki ya kwanza tu, msisubiri mwezi. Na msiende kumbebea friji, mtajiingiza kwenye kesi. Mmesajiliwa lakini? Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inaviweka vikundi kama vyenu daraja la nne, muoneni afisa maendeleo ya jamii awaelekeze usajili halmashauri.

mwekahazina_mbagala: Asanteni sana. Mama genge umenifungua macho, nimeenda kwake leo, anakopesha vitenge maofisini na hela inaingia kuanzia tarehe 25, sisi tunamdai tarehe 10. Jumapili napeleka hoja ya tarehe na ya faini pamoja, na hela ya kwanza kuingia apewe yule mama.