Naomba ushauri: menyu ya Xfce kwenye kompyuta za saiba

Wadau, hamjambo? Niko Kondele, Kisumu, naendesha saiba ndogo. Kompyuta zangu ni kuukuu, nikazitilia Linux Mint (mfumo endeshi wa bure) ya Xfce, yaani yenye eneokazi jepesi. Wateja huja kwa mambo ya eCitizen (huduma za serikali mtandaoni), KRA (kodi) na kuprinti, basi. Kwa hivyo nataka menyu fupi: kivinjari, LibreOffice, kuskani, na ikoni moja ya kuendesha skripti yangu inayofuta faili za mteja akishatoka.

Skripti nikiiendesha kwenye terminali haina shida. Nimeiundia faili ya .desktop, ile inayoweka ikoni kwenye menyu, ndani ya ~/.local/share/applications (~ ni folda ya mtumiaji), na kwenye Exec, mstari wa amri ya kuendesha, nimeandika njia nzima kuanzia /home, maana alama ya ~ haitegemeki hapo. Inaanza vizuri, ila kwa Terminal=true (iendeshwe ndani ya terminali) dirisha linafunguka na kufungika kabla sijasoma kama kuna kosa. Mnalizuiaje? Kuongeza amri ya read mwishoni mwa skripti, ili isubiri Enter, najua, lakini kijana wa zamu akisahau kubonyeza Enter litakaa hapo mpaka jioni.

La pili ndilo linanichosha. Kuficha programu nisizozitaka, nanakili faili zake kutoka /usr/share/applications na kuongeza NoDisplay=true (isionekane kwenye menyu), moja moja, kila mashine. Kazi ya punda! Kuna aliyeandika faili moja ya menyu ndani ya ~/.config/menus akaisambaza kwa flashi? Na Whisker, ile menyu ya Xfce yenye kisanduku cha kutafutia, inaifuata? MenuLibre, programu ya kuhariri menyu, naijua, lakini kubofyabofya kila kompyuta sitaki.