MREJESHO: WhatsApp na Gmail yangu kwenye kompyuta ya ofisi

Wakuu, habari zenu. Niliuliza nifanyeje na akaunti zangu binafsi zilizo wazi kwenye kompyuta ya kazini, hapa Mtwara mjini, maana msimu wa korosho umeisha na mashine zinagawiwa watu wengine.

Asanteni sana. Aliyesema nianzie kwenye simu ubarikiwe: WhatsApp, Vifaa vilivyounganishwa, nikagusa jina la kompyuta, nikaiondoa. Dakika moja tu. Gmail nayo niliitoa hukohuko kwenye simu, sehemu ya usalama wa akaunti. Kilichonishtua ni Chrome. Usawazishaji (sync, yaani kunakili mambo yako kati ya vifaa) ulikuwa umewashwa, kwa hiyo ilivuta nywila zangu zote za nyumbani, hadi ya benki! Ikabidi niende kufuta wasifu wangu wa Chrome kwenye mashine yenyewe, na ile ya benki nikaibadilisha.

Pale nilipokwama: picha ya kitambulisho changu cha NIDA ilikuwa kwenye folda ya vipakuliwa. Nimeifuta, lakini fundi wa ofisi anasema nakala ilishakwenda kwenye seva, ile kompyuta kuu ya ofisi. Na mkuu uliyeshauri nifungulie mambo yangu kwenye dirisha fiche (incognito), hapana. Linaficha historia kwenye kompyuta tu, mtandao wa ofisi bado unaona tovuti ulizoingia.

Nimemwandikia bosi ile nakala ya kitambulisho ifutwe kwenye seva, nikataja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kama mlivyonielekeza. Kasema "tutaliangalia". Bado nasubiri, na kwa sasa mambo yangu ni simu na bando langu.