M4 yangu ya umeme haifiki mbali: nianze na springi ya M120 au betri ya volti 11.1?

KijanaWaM4:
Wakuu, salamu. Nina M4 ya easofti ya umeme (bunduki ya mchezo inayorusha gololi za plastiki), giaboksi (sanduku la gia na pistoni) toleo la pili, mtutu wa ndani wa milimita 363. Kila kitu kiko kama kilivyotoka kiwandani, isipokuwa kitako nimebadilisha. Betri ni lipo, yaani ya lithiamu, ya volti 7.4. Kwenye kipima kasi, kwa gololi za gramu 0.20, inasoma mita 100 kwa sekunde, mara inashuka hadi 94, mara inapanda 101.

Shida yangu ni umbali. Gololi ikipita mita thelathini na kitu inaanza kudondoka, na nyingine zinakata kushoto. Mwenzangu ana bunduki ya aina hii hii na ananitoa mchezoni kabla sijamkaribia.

Springi ya M120, ngumu kuliko hii ya kiwandani, nimeshanunua. Nafikiria pia betri ya volti 11.1, halafu mtutu wa kipenyo cha milimita 6.01, mrefu zaidi, ule wa kuingia mpaka ndani ya kiziba mlio bandia. Uwanja wetu hauruhusu kuzidi mita 107 kwa sekunde kwa gololi za 0.20. Nianze na kipi? Giaboksi sijawahi kufungua ila bisibisi ninazo.

Chumvi_Nyingi:
M120 mkuu, unasubiri nini? Na 11.1 juu yake. Utasikia inavyonguruma.

BintiBisibisi:
Chumvi, ngurumo haimtoi mtu mchezoni.

Kijana, springi iache kwenye pakiti yake kwanza. Umeandika mambo mawili ambayo ndiyo ugonjwa wenyewe, ukayapita kama salamu: kasi inarukaruka kati ya 94 na 101, na gololi zinakata kushoto. Springi haitibu hata moja.

Piga hesabu. Gololi ya gramu 0.20 ikienda mita 100 kwa sekunde ina nguvu ya jouli 1 kamili. Kikomo chenu cha 107 ni kama jouli 1.14. M120 kwenye bunduki isiyovuja hewa inakupeleka karibu na mita 120, yaani jouli 1.44. Watakuzuia pale pale kwenye kipimo na utashinda ukitazama wenzako wakicheza. Uingereza sheria inataka bunduki ya kupiga mfululizo isizidi jouli 1.3, ya moja moja 2.5, kwa hiyo M120 yako huko ingekuwa imeshaingia kwenye mambo ya silaha halisi. Hilo ni suala la sheria, si la ufundi, na kila mtu aangalie ya kwake kabla ya kugusa springi.

Sasa umbali. Hizi bunduki za umeme zilianzia Japani, Tokyo Marui walipotoa FAMAS mwaka 1991. Kikomo cha Japani leo ni jouli 0.98 tu, chini ya hiyo yako, na bado bunduki zao zinasifiwa kwa kufika mbali na kupiga zilikoelekezwa. Siri iko kwenye hopapu. Kile kipande cha raba nyuma ya mtutu kinaikwaruza gololi kwa juu inapopita, ikatoka huku inajizungusha kinyumenyume. Gololi inayozunguka hivyo hewa inainyanyua. Mjerumani Gustav Magnus alieleza nguvu hiyo mwaka 1852, hata bunduki hizi hazijafikiriwa. Bila huo mzunguko, ongeza kasi utakavyo, gololi itadondoka vile vile, mbele kidogo tu.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kununua chochote. Toa magazini, piga risasi moja hewani kama una wasiwasi kuna gololi imebaki ndani, kisha toa betri. Fungua mwili, chomoa mtutu wa ndani pamoja na hopapu yake. Pitisha kitambaa kilicholowa alkoholi ya isopropili ndani ya mtutu mpaka kitoke cheupe. Raba nayo itoe uifute ndani na nje. Bunduki nyingi zinatoka kiwandani na mafuta kwenye mtutu, na raba yenye mafuta inateleza badala ya kukwaruza. Wengine wanazidisha kwa kupuliza silikoni ndani ya mtutu kila wiki eti wanatunza. Usipulize.

Unaporudisha raba, angalia kile kidude kidogo kinachoikandamiza kwa juu. Kikikaa upande, au raba ikijipinda, gololi inazungushwa kwa mshazari, inakata kushoto au kulia. Kushoto kwako kumetoka hapo, karibu nina hakika. Raba kwa ndani ina mstari au vinundu vya kuongoza. Vikae juu katikati kabisa.

Halafu achana na gololi za 0.20. Hizo ni za kipima kasi. Nunua za 0.28, zilizosuguliwa vizuri. Nyepesi inatoka kwa mbwembwe, kisha hewa inainyima mwendo haraka na upepo unaibeba. Nzito inatoka taratibu lakini inabaki na mwendo wake. Anza hopapu ikiwa imelegezwa kabisa, isiguse gololi, ongeza kidogo kidogo mpaka gololi iende bapa. Ikianza kupanda mwishoni, rudisha nyuma kidogo.

Mtutu wa 6.01 sikushauri. Gololi nzuri ina kipenyo cha milimita 5.95, kwa hiyo nafasi inayobaki ni ya nywele, na vumbi kidogo tu linakwamisha. 6.03 inatosha. Na urefu wenyewe una masharti: silinda yako, kama ina tundu ubavuni, imepimwa kwa hewa ya mtutu wa urefu fulani. Ukirefusha mtutu bila kubadilisha silinda, hewa inaisha gololi ikiwa bado ndani, na kasi inashuka. Mrefu wa kujaza kiziba mlio ni wa kupigia picha.

Volti_Saba:
Dada Bisibisi amemaliza upande wa hewa, mimi niseme umeme.

Mkuu, kama bunduki yako ni ya kiwandani, basi umeme wote wa mota unapita kwenye vile visahani viwili vya shaba nyuma ya triga. Kila ukiachia triga, cheche inaruka. Lipo ya 7.4 ikijaa inafika volti 8.4, ile ya 11.1 ikijaa inafika 12.6. Cheche inakuwa kubwa, shaba inaungua inakuwa nyeusi, siku moja unabonyeza na hakuna kitu. Ukitaka 11.1, weka mosfeti kwanza, ile swichi ya kielektroniki. Hiyo inabeba umeme mkubwa, triga inabaki kutoa ishara tu.

Lakini kuna jambo watu hawalisemi. Ukizungusha gia haraka sana wakati springi ni laini, gia inarudi kumshika pistoni kabla hajafika mbele. Meno ya pistoni yanakatika. Ndiyo maana Chumvi anaona mtu akiweka 11.1 lazima aweke na M120: kimoja kinamlazimisha mwenzake, na mwisho unakuwa na giaboksi iliyochoka. Toleo la pili tayari linajulikana kwa kupasuka mbele, pale pistoni inapogonga.

Kama unachotaka ni triga kuitika haraka, baki na 7.4, badilisha mota uweke ya sumaku za neodimiamu yenye nguvu ya kuvuta. Na plagi ile ndogo nyeupe ya Tamiya itoe, ulehemu ya Deans. Utashangaa.

Betri chaji kwa chaja inayosawazisha seli, ukiwa macho. Usiishushe chini ya volti 3.0 kwa seli, na ukiiweka kabatini iache kwenye 3.8. Iliyovimba haichajiwi tena hata kama inaonekana nzima.

KijanaWaM4:
Asanteni sana. Nimesafisha. Kitambaa kimetoka na mafuta ya njano, mazito, sikutegemea. Raba ilikuwa imejipinda kweli, dada. Nimeinyoosha na kuweka gololi za 0.28. Sasa zinakwenda bapa, ile miti niliyokuwa siifikii naipiga shina. Kushoto kumekwisha.

Ila nimepima tena kwa hizo 0.28 inasoma 84, nyingine 80. Mbona kasi imeshuka hivyo? Nimeharibu kitu?

BintiBisibisi:
Hujaharibu. Gololi ya 0.28 kwa mita 84 ni jouli 0.99, nguvu ile ile, mzigo ndio umeongezeka. Ndiyo maana watu wazima wanaulizana jouli, si kasi. Ukienda uwanjani waambie unapima na gramu ngapi, wasije wakadhani una bunduki dhaifu halafu kumbe umewazidi.

Hiyo 80 ndiyo inayonisumbua. Tofauti ya 4 ni hewa inayovuja, mara inafunga, mara haifungi. Hapo ndipo utafungua giaboksi, ukitaka. Ukiona inachezeka hivyo hivyo, cheza.

Ukiamua kufungua: betri nje, miwani ya kinga usoni, hata kama uko mezani. Springi ya toleo la pili inaruka ukitenganisha maganda mawili. Kwanza legeza kile kikwamizi cha kuzuia gia kurudi nyuma, ili springi isibaki imebanwa, kisha ingiza bisibisi nyembamba kwenye tundu la nyuma uishikilie huku unainua ganda. Piga picha kila hatua kabla ya kutoa kipande.

Toa silinda, kichwa chake, nozeli na pistoni. Viunganishe mkononi, ziba nozeli kwa kidole, sukuma pistoni. Isukume kama pampu ya baiskeli uliyoziba mdomo: inatakiwa ikatae. Ikienda kirahisi, sikiliza hewa inatokea wapi. Oringi (pete ya raba) ya kichwa cha pistoni ikiwa imelegea, ivute kidogo au weka mpya, na uipake grisi ya silikoni. Grisi ya magari usiikaribishe kwenye raba, inaweza kuivimbisha. Kichwa cha silinda kikivuja, zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba mizunguko michache. Gia ndizo zinapewa grisi ya lithiamu, kidogo tu, kwenye meno.

Zile washa, pete nyembamba zilizo chini ya gia, usizichanganye. Kila moja irudi ilikotoka, la sivyo gia zitasagana na utaanza kazi nyingine kabisa.

Chumvi_Nyingi:
Dada, na akishafunga ikaanza kupiga kelele ambayo haikuwepo?

BintiBisibisi:
Swali zuri, sikutegemea litoke kwako. Chini ya mshikio kuna skrubu ndogo inayopandisha na kushusha mota. Mota ikiwa juu sana inabana gia, mlio unakuwa mzito na mota inapata moto. Ikiwa chini sana meno hayashikani vizuri, inatoa mlio mwembamba wa kukwaruza. Zungusha robo kwa robo, piga moja, sikiliza, mpaka mlio ulainike. Kama robo hizo zote hazikubadilisha kitu, rudi kwenye washa.