Ushauri: A Love So Beautiful ya China au ya Korea, nimwanzishie mama ipi?

BintiMkwakwani

Habari za jioni wanajamvi. Wakubwa wangu shikamooni.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu na kwa sasa anaishi nami hapa Morogoro. Macho yake hayawezi tena maandishi madogo, lakini tamthilia anazipenda mno. Mwaka 2011 TBC walipoonyesha ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili, nyumbani kwetu hakuna aliyegusa rimoti. Mpaka leo anamsema yule Doudou kama jirani aliyehama. Sasa ananiomba nimtafutie nyingine ya Kichina, ya mapenzi ya heshima, isiyo na bunduki wala watu wanaoruka juu ya mapaa.

Nimemchagulia A Love So Beautiful. Tatizo zipo mbili. Ya China ilitoka Novemba 2017 kupitia Tencent, wanacheza Shen Yue na Hu Yitian, ina episodi 23 ukiacha ile ya ziada, kila moja kama dakika 40. Ya Korea ilianza mwishoni mwa Desemba 2020 kwa Kakao TV, wanacheza So Joo-yeon na Kim Yo-han, episodi 24 za dakika kama 20. Hadithi ni moja: msichana mchangamfu anampenda jirani yake mwenye akili nyingi na maneno machache, kuanzia shule mpaka utu uzima.

Ya China niliitazama yote nikiwa chuoni na ninaipenda sana. Ya Korea nimeonja mwanzo tu. Dada yangu anasema tuanze na ya Korea kwa sababu ni fupi na mama analala mapema. Kumbukeni pia kwamba mimi ndiye msomaji: nasoma maandishi ya chini ya Kiingereza na kumwambia mama kwa Kiswahili papo hapo. Dakika 40 za kazi hiyo koo linakauka.

Kwa mliotazama zote mbili: ile fupi imepoteza nini? Na ni vibaya kuanza nayo? Natanguliza shukrani.

Kihonda_Juu

Dada, mimi niko upande wa dada yako, na sababu yangu ni bando. Piga hesabu. Ya China ni saa 15 na ushei, ya Korea ni saa 8. Ukitazama kwa ubora wa kawaida wa picha, saa moja inakula kama GB 0.7. Kwa hiyo ya China ni zaidi ya GB 10, ya Korea haifiki 6. Ukishusha ubora kabisa inakuwa kama GB 0.3 kwa saa, lakini kwa mtu mwenye macho dhaifu picha ya ukungu ni kumtesa bure.

Pia ya Korea haina kuzungukazunguka. Kila episodi ina tukio moja, linaisha, mnalala.

Mwana_Guangzhou

Nimesoma China miaka kadhaa na hizi zote mbili nimezitazama, kwa hiyo niruhusu niongee kwa urefu.

Mkuu wa Kihonda yuko sahihi kwenye hesabu, ila tamthilia hii uhai wake ni muda. Kijana Jiang Chen hasemi. Anamtendea binti mema kimyakimya halafu anamjibu kwa ukali. Ili mtazamaji amwamini kijana wa aina hiyo, lazima akae naye muda mrefu, amwone amenyamaza hapa, amenyamaza pale, mpaka kile kitendo kidogo cha wema kiwe kikubwa. Ya China inampa nafasi hiyo. Cha Heon wa Korea ana nusu ya muda huo, kwa hiyo ubaridi wake unakuja haraka na kuyeyuka haraka. Kim Yo-han hakucheza vibaya hata kidogo. Saa zilikuwa chache.

Jambo la pili ni shule. Wachina wanamaliza sekondari Juni, na mtihani wao mkubwa wa kuingia chuo, gaokao, unaanza tarehe 7 mwezi huo. Mwaka wa masomo unafunguliwa Septemba. Wakorea wanaanza mwaka wa shule Machi na mtihani wao ni Novemba, siku moja tu, Alhamisi, na wakati wa kipande cha kusikiliza Kiingereza hata ndege zinazuiwa kupaa na kutua. Kwa hiyo hadithi ileile ikivuka bahari, majira yote yanahama. Huku wanafunzi wanaagana kwenye joto kali wakiwa na zile sare zao za trakisuti pana, kule wanaagana kwenye baridi wakiwa na makoti na tai. Mtu anaweza kuona ni mapambo tu. Mimi naona yanabadilisha hali yote ya picha. Ya China ina uvivu wa jioni ya kiangazi, baiskeli, feni darasani, madirisha wazi. Ya Korea ni safi na imepangwa vizuri mno.

Na zote mbili zimekwenda mbali na kitabu. Riwaya ya Zhao Qianqian inaanza wakiwa watu wazima: walishaachana, msichana anakutana tena na yule kijana hospitalini akiwa daktari, na mambo ya shule yanakuja kama kumbukumbu. Tamthilia ya China ikayanyoosha, ikaanza shuleni na kwenda mbele. Uamuzi huo nauunga mkono. Kwa mtu anayesikiliza badala ya kusoma, kama mama yako, hadithi inayokwenda mbele moja kwa moja ni rahisi kuliko inayorukaruka miaka.

Mwanzishie ya China.

Nuru wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Kuna jambo hapa halijasemwa.

Shen Yue huyohuyo ndiye Shancai, binti mhusika mkuu, wa tamthilia ya Meteor Garden ya 2018. Na ile hadithi ndiyo shule nzuri ya kujifunza nini hutokea kazi moja ikipita mikono mingi. Asili yake ni katuni za Kijapani za Yoko Kamio. Taiwan wakaifanya 2001, marehemu Barbie Hsu akiwa Shan Cai. Japani wenyewe 2005. Korea 2009, hii ya Lee Min-ho ambayo karibu kila mtu huku aliiona. China bara 2018, episodi 49. Thailand wakamalizia 2021.

Sasa tazama kilichobadilika. Ya Taiwan na ya Korea, wale vijana wanne wa kitajiri wanamtumia mtu kadi nyekundu na shule nzima inamgeuka, inampiga, inamdhalilisha. Ya Taiwan ilisimamishwa China bara mwaka 2002. Miaka 16 baadaye, mtayarishaji yuleyule, Angie Chai, alipoirudia kwa ajili ya China, vijana wakawa wanafunzi bora chuoni, wanacheza mchezo wa karata wa bridge, na ule ukatili ukapunguzwa sana. Kwa mzazi, hiyo ni nafuu. Kwa hadithi ni hasara, kwa sababu kama kijana hakuwa katili kweli, kugeuka kwake kuna uzito gani? Mimi ile ya 2018 niliitazama yote na Dao Mingsi, kiongozi wa wale vijana wanne, sikumhofia hata mara moja, na nilipaswa kumhofia.

Kwa hiyo, dadangu, usiulize ipi ni nzuri zaidi. Uliza ile hadithi inasimama juu ya nini, kisha tazama ni toleo lipi limekiacha kitu hicho salama. Meteor Garden inasimama juu ya ukatili unaoshindwa. A Love So Beautiful inasimama juu ya kungoja. Mwana Guangzhou amekujibu tayari.

Kihonda_Juu

Nuru, umenifikirisha. Lakini bado bando ni lake yeye, si letu.

BintiMkwakwani

Asanteni sana wote. Mwana Guangzhou, hilo la majira sikuwahi kuliwaza na ni kweli kabisa.

Nina hofu moja nyingine. Mama kafundisha sekondari karibu maisha yake yote. Chen Xiaoxi, yule msichana wa toleo la China, darasani hasikilizi, anachora, anamfuata kijana kila aendako. Naogopa mama atachoka naye siku ya kwanza aseme "huyu mtoto hana wazazi?" Kuna aliyemtazamisha mtu mzima hii?

Mama Wawili wa Tabora

Mimi nimefanya hivyo kwa mama mkwe wangu, mwanangu, kwa hiyo nakuambia ninachokijua.

Kwanza usiogope hilo la mwalimu. Walimu wanampenda mtoto wa hivyo kuliko unavyodhani, kwa sababu wamemfundisha. Mama mkwe alikuwa akisema, "Huyu atafaulu baadaye, mwacheni achore," na kweli kuchora ndiko kunakokuja kumpa binti yule kazi. Kitakachomgusa mama yako zaidi ni mama wa Jiang Chen, anayemlea kijana peke yake na kumkazia. Wazee wanaitazama tamthilia hii kwa jicho la mzazi. Sisi tunangoja wale wawili washikane mikono, wao wanauliza yule mama anaishije. Ukifika kwake, usiharakishe.

Pili, kazi yako ya kusoma. Usisome kila neno. Mimi nilikuwa naitazama episodi mwenyewe mchana, halafu usiku namwambia yaliyo muhimu na kumwachia nafasi asikie sauti zao. Sauti ya mtu anayelia haihitaji mkalimani. Mahali wanapotaniana kwa haraka, namwambia tu "wanataniana" na baadaye namsimulia utani wenyewe. Ukitafsiri sentensi kwa sentensi, utachelewa, tukio litakuwa limepita, na mama atakuwa anakusikiliza wewe badala ya kutazama.

Majina nayo yanawachanganya. Chen Xiaoxi na Jiang Chen yana "Chen" ndani yake, mama mkwe alipotea kabisa. Tukawaita "binti", "daktari" tangu hata hajawa daktari, na Wu Bosong, mwanafunzi mwenzao, tukamwita "mwogeleaji". Hapo mambo yakanyooka.

Tatu, hizo dakika 40. Mwanangu, ikate. Kitufe cha kusimamisha kipo. Tazameni dakika 20, simamisha mahali palipotulia, kesho endeleeni. Utakuwa na urefu wa ile ya Korea na ukamilifu wa ile ya China. Sisi ndivyo tulivyofanya mpaka mwisho.

Mwana_Guangzhou

Shikamoo mama. Hilo la kukata sikulifikiria na ndilo jibu.

Fundi Simu Ubungo

Naongezea kwa ajili ya wengine watakaosoma uzi huu. Ukitafuta "tamthilia fupi ya Kichina" kwenye simu, utaletewa zile za kusimama wima, dakika moja au mbili kila kipande, vipande 60 hadi 100. Wateja wangu wengi wanazo. Nyingi zinapigwa kule Hengdian, mkoa wa Zhejiang, kwa siku chache tu, kisha hadithi ileile inapigwa tena Marekani na waigizaji wa Kizungu. Ndiyo maana unaona bilionea aliyejificha kama maskini akiwa Mchina leo na Mmarekani kesho. Programu ya ReelShort inayoonyesha tamthilia hizo, kwa mfano, ni ya kampuni ya California ambayo nyuma yake kuna wachapishaji wa Beijing.

Mimi sizichukii. Zina ufundi wake: kila kipande lazima kiishie pabaya ili ufungue kinachofuata. Ila vipande vya mwanzo ni bure na baada ya hapo unanunua kwa sarafu za ndani ya programu, kidogo kidogo, na ukija kujumlisha ni hela ya maana. Ukimpa mzazi simu yenye malipo yaliyounganishwa, zima ununuzi kwanza. Na kwa kusimuliwa hazifai kabisa: makofi, mshangao, makofi, na msimuliaji hapati hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Hizo mbili anazouliza dada ni kitu kingine. Hata hiyo ya Korea ya dakika 20 ina mwendo wa kawaida wa tamthilia.

Nuru wa Likoni

Ninakubaliana nawe, fundi. Ningependa siku moja ufungue uzi wa hizo za Hengdian, kuna mengi ya kusema kuhusu kinachobaki wakihamisha hadithi kutoka familia ya Kichina kwenda ya Kimarekani. Mama mkwe, kwa mfano, kule Marekani anabaki na ukali wake ila ile mamlaka ya kumwamulia mwanawe mtu mzima haieleweki inatoka wapi.

BintiMkwakwani

Nimerudi kutoa mrejesho. Tumeanza na ya China, kwa kukata kama alivyoshauri Mama Wawili wa Tabora. Mama, Mungu akuzidishie. Nazitazama peke yangu mchana na usiku nasimulia kwa ufupi, na koo halisumbui tena.

Mama hakumkasirikia Xiaoxi hata kidogo. Alichonishika nacho usiku wa kwanza ni baba wa Jiang Chen. "Yuko wapi? Mbona mama yuko peke yake?" Nikamwambia amefariki. Akanyamaza, akaniambia nirudishe nyuma atazame tena pale yule mama alipoongea. Tukarudisha. Tangu hapo kila kijana akimjibu binti kwa mkato, mama anamtetea: mtoto aliyelelewa hivyo maneno hayamtoki upesi. Mimi niliitazama yote chuoni na nilimwona kijana yule ana majivuno tu.

Dada bado anaitaka ya Korea. Tumekubaliana hii ikiisha tutaanza ile, na atasoma yeye.

Mkuu wa Kihonda, bando tunachangia watatu, pamoja na mama.