Mwanafunzi akishukiwa ni shoga, shule imrudishe nyumbani? Tujadili kabla ya kikao cha wazazi

Baba Wawili, Ilomba

Wakuu habari za jioni, ugonile kwa watu wa Rungwe na kamwene kwa ndugu zangu wa Iringa na Njombe. Naleta hoja, naomba tuichambue bila matusi maana kikao kiko karibu. Shule moja ya bweni huku kwetu nyanda za juu, jina naliacha, imependekeza patroni na walimu wa zamu waandike majina ya wavulana wenye "tabia za kike" afu wazazi waitwe waje wawachukue watoto wao mpaka "wabadilike". Kwenye grupu la wazazi ni dole juu, dole juu tu. Nikauliza tabia za kike ndo zipi, mzazi mmoja akashusha orodha: sauti nyembamba, kutembea kwa madaha, kukaa sana na wasichana, kupenda kupika, kutopenda mpira, kulia lia, kupaka mafuta ya midomo.

Mafuta ya midomo jamani! Mbeya hii mwezi wa sita na wa saba baridi inapasua midomo mpaka damu, mtoto asipake? Basi bodaboda wote wa Kabwe waandikwe.

Na hiyo ya kupika, wakaanga chipsi wa Mwanjelwa wengi si ni wanaume, na mafundi wanaowashonea wake zetu magauni ya vitenge ni wanaume na tunawasifia kwamba huyu mkono wake mzuri, hakuna anayewatilia shaka. Kwa hiyo tatizo sio kazi, tatizo ni mtoto akionekana mpole tu tayari ana kesi.

Msimamo wangu ni kwamba hizo alama zinakosea pande zote mbili. Zinamkamata mtoto ambae sauti yake bado haijavunjika tu, maana balehe haina ratiba moja, kuna wa miaka 12 kashakuwa na besi na kuna wa 15 bado anaimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisani. Na yule ambae kweli kabisa anajiuliza maswali kuhusu moyo wake zinamwacha anapita, kwa sababu ni beki namba nne, anaongea kwa ukali, anatembea kibabe. Huyo hamtamwandika kamwe. Na huyo nae ni mtoto, ana miaka 14 au 15, anaona wenzake wanahangaika na barua za wasichana yeye haoni kitu, au anaona kitu sehemu ambayo hakutegemea, hajamfanyia mtu chochote, hana wa kumuuliza, na picha pekee anayoijua ni ile ya vichekesho, mwanaume kavaa dera kalegeza mkono watu wanavunjika mbavu. Anajiangalia anaona mi sio yule. Sasa mi ni nani? Wengine kinapita, wengine hakipiti, na hakuna mzazi wala mwalimu anaweza kujua kipi ni kipi kwa kumwangalia mtoto anavyotembea.

Afu haya mambo ya majina tushayaona. Mwaka 2018 Makonda akiwa mkuu wa mkoa wa Dar alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na akaomba wananchi wapeleke majina, meseji zikamiminika, na siku chache tu baadae wizara ya mambo ya nje ikatoa tamko kwamba ule ni msimamo wake binafsi sio wa serikali. Sasa kama serikali yenyewe ilikaa pembeni, sisi kamati ya wazazi tunaandika watoto wa form two kwa kigezo gani?

Naomba maoni. Wanaopinga pia karibuni.

Mzee wa Uyole

Kijana wangu Baba Wawili umeandika kwa ufasaha lakini unazungukazunguka tu. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 154 kinasema kinyume cha maumbile ni kifungo cha maisha na si chini ya miaka 30, sasa wewe unataka shule isubiri mpaka polisi waje? Samaki mkunje angali mbichi. Biblia imekataa, Kurani imekataa, mila zetu zimekataa. Haya mambo yameletwa na wazungu kwenye simu na tivii. Mimi nina wajukuu wawili bweni na sitaki walale na mtu ambae ameshaharibika. Huo ndo ukweli hata kama unachoma.

Baba Wawili, Ilomba

Shikamoo mzee. Nakuelewa lakini kifungu ulichokitaja kinaongelea tendo, na tendo linathibitishwa mahakamani. Sauti nyembamba sio tendo. Kuwaza sio tendo. Na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto, na wajibu wa kwanza wa shule ni kumlinda. Nani anamlinda huyu aliyeandikwa akishuka stendi na sanduku lake mtaa mzima unajua kwanini karudi?

Mwana Rungwe

Mzee wangu hapo kwenye wazungu na tivii nadokeza kidogo. Sisi Wanyakyusa zamani wavulana wakifika miaka kumi hivi walitoka kwa wazazi wakaenda kujenga vijumba vyao, kijiji kizima cha rika moja. Mtafiti wa mila, Mzungu Monica Wilson, alikaa huku miaka ya 1930 na mumewe, na kitabu chake cha 1951 kuhusu vijiji hivyo kinaonyesha wazee wa wakati ule walijua kwamba mambo haya yapo kwa vijana na waliyahesabu kama ya ujana, ila mtu mzima aliyeoa hakutegemewa kuendelea. Sisemi ni vizuri wala vibaya. Nasema tivii ilikuwa haijafika Tukuyu.

Mzee wa Uyole

Mzungu huyo huyo ndo ameandika sasa! Hahaha. Haya endeleeni.

Dada wa Kihesa

Mmeongelea wavulana tu kama kawaida. Mi nimecheza mpira shule ya msingi mpaka form six hapa Iringa, nimeitwa jike dume na watu wa kila aina, mwalimu wa dini, konda wa daladala, shangazi yangu mwenyewe. Nywele fupi, kaptura, basi umeshapewa jina. Kwenye timu yetu kulikuwa na mabinti kumi na kitu, wengi wao saivi wameolewa wana watoto, mmoja alikuwa na maswali yake na aliyajua mwenyewe, na wala sio yule mwenye misuli mnayemfikiria, alikuwa anasuka nywele ndefu anapaka rangi kucha kila wikendi.

Mnakumbuka Agosti 2021 Rais Samia alivyosema wachezaji wa kike wana vifua flati, ukiwaona unaweza kudhani ni wanaume, na kuolewa kwao inakuwa shida? Nchi nzima ikabishana. Mwaka uliofuata tu Serengeti Girls wakaenda India kombe la dunia la under 17, wakamfunga Ufaransa wakafika robo fainali, na watu walewale wakabadilisha profile wakaweka bendera. Kwa hiyo tukishinda sisi ni mabinti wetu, tukishindwa sisi ni majike dume?

Swali langu kwa hicho kikao: na wasichana wasiopenda magauni nao wanaandikwa, au orodha ni ya wavulana tu?

Mchungaji wa Mtaa

Mimi ni mtumishi na msimamo wa neno siupindishi. Ila nimeletewa vijana waombewe "roho ya ushoga" na nikikaa na kijana faragha, wengi nakuta ni yatima, au anapigwa nyumbani, au mpole tu, au ni mshonaji mzuri wa nguo. Nilishaletewa mmoja kwa sababu tu alikataa kuoga mtoni na wenzie. Sala naitoa kwa kila mtu lakini siwezi kutoa pepo ambalo mzazi ndo amelibuni. Na mnaowapeleka kwa waganga kunyweshwa madawa mnafanya ukatili. Shirika la Afya Duniani lilishaliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa tangu tarehe 17 Mei 1990, kwa hiyo hata anayetaka kusema ni dhambi aseme dhambi, asimnyweshe mtoto mizizi kama mgonjwa.

Mwalimu Mafinga

Shikamoo Mzee wa Uyole, na wengine salamu. Nimefundisha bweni muda mrefu, wavulana na wasichana, na nataka nijibu hofu ya mzee kuhusu wajukuu zake maana ni hofu ya haki kabisa, ila imeelekezwa kwa mtu asiye sahihi.

Mabwenini kuna watoto wanafanyiwa ukatili. Ipo, tusifiche. Lakini anayeufanya mara nyingi ni mkubwa mwenye mamlaka: kaka mkuu, mlinzi, mtu mzima anayeaminika, tena mwenye sauti nene na mke nyumbani. Na anayechaguliwa kuumizwa ni yuleyule mpole mnayetaka kumwandika, kwa sababu mtesaji anajua huyu akisema ataambiwa "wewe si ndo zako". Mkishaweka hiyo orodha ukutani mmempa mtesaji kinga. Mtoto gani atakuja ofisini kwangu kusema kafanyiwa kitu wakati anajua kusema tu ni kuandikwa na kurudishwa kwao Makambako? Atanyamaza. Nimeona watoto wakinyamaza mpaka wanaacha shule na baba anasema mtoto kaingiwa na uvivu.

Mkitaka kulinda watoto fanyeni vitu vya kuchosha visivyopigiwa makofi. Form one wasilale na form four. Taa za korido na za chooni ziwake usiku kucha, patroni alale jirani na bweni sio nyumbani kwake mtaani. Kila mtoto ajue namba 116 ya huduma kwa mtoto, ni bure. Likitokea jambo liende dawati la jinsia na watoto polisi na ustawi wa jamii, lisimalizwe kimyakimya kwa soda kreti moja.

Na hili la kujiuliza ni jambo lingine kabisa, msichanganye. Mtoto akija kuniambia "madam nahisi sipo kama wenzangu", sikimbilii kumpa jina wala kumtangazia baba yake. Namuuliza analala? Anakula? Kuna anayemtisha? Maana nikimtisha mimi nae ataenda kutafuta majibu kwa mtu mzima asiyemfahamu kwenye simu, na huko ndo kuna hatari yenyewe. Na tukumbuke tunakaa mikoa gani, utafiti wa 2022-23 umeikuta Njombe na asilimia 12.7 ya maambukizi ya VVU kwa watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, hizi ndo namba za kwetu. Kijana yeyote anayeogopa kuuliza swali leo akija kukua ataogopa na kliniki.

Mzee wa Uyole

Mwalimu marahaba. Hilo la taa na kutenganisha madarasa nakubaliana nalo asilimia mia na nitalisemea mwenyewe kikaoni. Lakini bado nauliza, kama kijana kweli yuko hivyo, akija kwako akasema ndivyo nilivyo, utafanyaje? Utamwambia hongera?

Jina Kapuni

Mzee samahani naingilia. Nipo chuo saivi, nina miaka 21, form one mpaka four nimesoma bweni huku huku kusini.

Darasani tulikuwa na mwenzetu aliyebatizwa jina la kike, kisa mwandiko mzuri na kupenda kufua. Aliandikwa kweli, mzazi akaitwa. Yule jamaa alikuwa na mchumba wake mtaani kwao na saivi ana mtoto. Mimi nilikuwa nahodha wa timu, hakuna mwalimu aliwahi kuniangalia mara mbili, na mimi ndo nilikuwa silali usiku. Ilianza kama utani, rafiki yangu alihama shule, wenzangu walimkumbuka siku mbili wakasahau, mi niliumwa kabisa, homa ya kweli. Nikajiambia ni urafiki. Labda ulikuwa urafiki. Baadae swali likarudi likakaa. Nilikuwa najipima kwa vile vichekesho, nafanya mazoezi ya kutembea mbele ya kioo cha bwenini ili mkono usilegee, wakati mkono haujawahi kulegea hata siku moja, unaona ujinga ulivyo? Nikawa naogopa kuvaa fulana ya pinki ya timu.

Matroni wetu alinikuta nimekaa nje usiku, hakuniuliza nina nini. Alisema we soma mwanangu, bado unakua, siku ukitaka kuongea mlango wangu unaujua. Sikwenda. Ila kuujua ule mlango kulinifikisha form four.

Kwa hiyo mzee sikuhitaji hongera. Na msiniulize nilipata jibu gani maana halihusu ajenda ya kikao.

Dada wa Kihesa

Pole kaka. Ahsante kwa kuandika.

Mzee wa Uyole

Nimesoma mara mbili. Msimamo wangu wa dini uko palepale, siubadilishi kwenye simu usiku huu. Ila huyo mwenye mwandiko mzuri, mzazi wake aliambiwa nini siku ya kuitwa?

Jina Kapuni

Aliambiwa ampeleke akapate malezi ya kiume. Akapelekwa kwa mjomba wake kupasua mbao Mufindi muhula mzima. Aliporudi alikuta wenzie wameshafika mada ya nne ya fizikia, akapata sifuri.

Baba Wawili, Ilomba

Wakuu, kikao ni Jumamosi saa nne. Mwalimu Mafinga naomba yale ya taa, mabweni kwa madarasa, dawati na 116 uniandikie kwa ufupi niyapeleke kama hoja mbadala wa orodha. Mzee wa Uyole, umesema utasema mwenyewe, nakuwekea nafasi mbele. Na swali la dada nitaliuliza hivyo hivyo lilivyo: wasichana wasiopenda magauni je?