Kipimo cha damu cha nyonga kwa mtoto wa miezi 3, kipo kweli?

MamaKijacho: Habari wapendwa, naombeni ushauri. Binti yangu ana miezi 3, tumboni alikaa kwa kutanguliza makalio nikamzaa kwa oparesheni. Sasa nikimbadili pampasi mguu wa kulia unafunguka vizuri ila wa kushoto unagoma, ukifika nusu basi. Maabara moja ya mtaani wamesema kuna kipimo cha damu kinaonyesha kama nyonga imekaa vibaya, elfu 85. Nilipe?

Kibopa_wa_Mbagala: Usilipe. Mie sio daktari ila hiyo naona kama wanakuvua hela dada.

TabibuMstaafu: Mama, damu haionyeshi nyonga. Watafiti wanachunguza vinasaba kama GDF5 lakini hakuna kipimo cha damu cha kumpimia mtoto hili tatizo. Damu, zile CRP na ESR (vipimo vya kuonyesha maambukizi au uvimbe mwilini), tunapima tukihofia usaha ndani ya kiungo, yaani mtoto ana homa, hataki mguu uguswe, hiyo ni dharura, unakimbia siku hiyohiyo. Wako anahitaji daktari wa mifupa amvue nguo, amlaze chali, akunje magoti aone kama yanalingana urefu, halafu afungue mapaja taratibu. Baada ya hapo ultrasaundi, maana kwa umri huo kichwa cha paja bado ni gegedu na eksirei haikioni vizuri, eksirei inafaa kuanzia miezi 4 hadi 6. Binti, tena katanguliza makalio, tena mguu haufunguki, usisubiri.

MamaKijacho: Asante dokta. Mama mkwe anataka aitwe mkandaji aunyooshe

TabibuMstaafu: Mwambie kwa heshima, hapana. Na kumfunga khanga miguu ikiwa imenyooka kama mshumaa pia acheni.

Mama_Wawili: Pole shoga, wangu wa kwanza alivaa ile mikanda ya Pavlik, ya kushikilia nyonga ikae mahali pake, akiwa na wiki 10. Miguu imekaa kama chura, usiku na mchana, siku tatu za kwanza analia na mimi nalia. Ikawa wiki 8 jumla, sasa anakimbia mpaka nachoka kumwita. Jirani yangu wa kwake aligundulika ameshaanza kutembea, akapasuliwa na kufungwa hogo (plasta ngumu) kuanzia kiunoni, bora uwahi.

BibiMwanahawa: Mjukuu wangu, mbeleko je? Sie tulibeba mgongoni watoto wote

TabibuMstaafu: Bibi mbeleko ni nzuri sana, mapaja yanakaa wazi, ndiyo maana inaaminika huku kwetu tatizo hili ni dogo. Ila haitibu nyonga iliyokwisha chomoka.

MamaKijacho: Nimepata nafasi ya ultrasaundi Alhamisi, ile hela ya maabara ndo nauli. Mama Wawili, akivalishwa mikanda anaogaje?

Mama_Wawili: Haogi hehe. Unampangusa na kitambaa chenye maji vuguvugu, kwenye mikunjo ya goti ndo pasisahaulike kamwe maana panachubuka, na ndani mvalishe soksi ndefu za pamba.